Mwalimu Aliyechonga Sura za Waliopotea

Sijui alizaliwa kijiji gani, wala sijui ukoo wake, na sitajifanya ninajua. Katika milima yetu ya Masisi mtu huanza kuelezwa kwa baba yake na babu yake, lakini huyu hakumpa mtu nafasi hiyo. Ukimuuliza kwao ni wapi, alikutazama kidogo upande wa sikio, kisha akasema, "Kwetu iko pale wino inaishia." Basi nitamweleza kwa mikono yake, maana hiyo ndiyo niliyoijua vizuri.

Ilikuwa mikono mirefu, yenye kucha nyeusi ambazo hakuna sabuni iliyowahi kuzishinda. Hakumpa mtu kiganja. Alisalimia kwa kutoa kifundo cha mkono, hata kwa chifu, na watu walizoea kushika kifundo cha Mwalimu na kuendelea na maneno yao. Mama yangu alisema mtu asiyetoa kiganja ameshika kitu. Mimi nilicheka, nikamwambia ameshika wino tu.

Nilifika kwake katikati ya miaka ya sitini, baada ya kumaliza shule ya msingi. Misheni moja upande wa Mweso ilikuwa na karakana ya kuchapia nyuma ya madarasa: chumba cha matofali, mashine ya stensili ya kuzungusha kwa mkono, meza ndefu, na kamba za kuanikia karatasi. Mzungu aliyekuwa akiisimamia alikuwa ameondoka wakati wa uhuru, na ufunguo ukabaki kwa Mwalimu. Humo alifundisha vijana wachache kuandika herufi, kuchonga picha na kutengeneza gazeti dogo la kila mwezi. Mlangoni aliandika kwa Kifaransa, *Arts graphiques*. Sisi tuliita kazi ya wino.

Nilikuwa msichana pekee, na mdomo wangu haukuwa na kizibo. Mama hakutaka niende. Alitaka nibaki tupande maharagwe. Aliyenitetea ni kaka yangu Bauma, maana baba alikuwa amekwisha kufa na Bauma ndiye aliyekuwa sauti ya kiume nyumbani. Alimwambia mama, "Umuache asome. Maharagwe haina miguu, haitakimbia." Ndivyo nilivyopata kusoma. Sijasahau, na kama ningesahau nisingekuwa na sababu ya kuandika haya.

Mwalimu alizipenda herufi kuliko watu, au ndivyo tulivyodhani. Alikataza rula. Alisema nafasi kati ya herufi na herufi inapimwa kwa jicho, na jicho lililolala halipimi kitu. "O ni mama mwenye mimba," alikuwa akisema, "umupe nafasi apite. I iko mwembamba, usimuache peke yake, atasikia baridi." Tukikosea, hakuchapa fimbo. Alichukua karatasi yetu, akaigeuza juu chini, akaitazama muda mrefu, halafu akaichana polepole kutoka upande hadi upande. Ningependelea fimbo.

Na bado alikuwa bahili wa karatasi hata tukamcheka. Vipande alivyochana alivikusanya, akavikata, akavitumia kujaribia wino. Siku moja alichoma kazi nzima ya nyimbo za Pasaka kwa sababu neno "amefufuka" lilikaa vibaya kwenye mstari, na jioni yake akanigombeza kwa kutupa kipande kisichozidi kiganja cha mtoto. Nilimwambia hayo mawili hayakai nyumba moja. Akasema, "Iko kweli," na akaendelea kunigombeza.

Anayechonga picha kwenye lino, ule mpira mgumu wa kutandika sakafuni, huchonga kila kitu kinyume, ili karatasi ikibandikwa itoke sawa. Mwalimu alikuwa amechonga kinyume miaka mingi hata dunia iliyo sawa ikaanza kumsumbua. Alisoma kwa haraka zaidi maneno yaliyogeuzwa. Ukutani aliweka kipande cha kioo cha kukagulia kazi, na taratibu akazoea kuzungumza nasi kupitia kioo hicho. Unasimama nyuma yake, naye badala ya kugeuka anakutazama humo ndani na kukujibu. Nilimwuliza kwa nini. Alisema, "Sura yako unaijua kwa kioo tu. Ile sisi wengine tunaona, wewe haujaiona hata siku moja." Niliporudi nyumbani niliogopa kioo cha mama kwa muda.

Hakukubali kuchorwa. Mwanafunzi mmoja alimchora kwa siri akiwa ameinama mezani, na picha ilikuwa nzuri, hata mgongo ulikuwa wake. Mwalimu aliikuta. Hakukasirika. Aliiomba kwa adabu, akaiweka kwenye bakuli la maji mpaka mistari ikaondoka, akaianika karatasi ile tupu kwenye kamba pamoja na zingine. Kesho yake akaitumia.

Msidhani alitufundisha kuchora tu. Alitufundisha habari, yaani jinsi habari inavyotengenezwa na kule inakoingia kwa mtu. Asubuhi tulisikiliza redio ya betri ya misheni, halafu akatuuliza nani amesema, na nani hakuulizwa. Siku ya soko alifanya jambo ambalo bado linanitia ubaridi. Alichapisha picha moja ya mwanamume aliyeinua jembe. Upande mmoja wa soko aliitundika na maneno, "Mukulima hodari." Upande mwingine, picha ile ile, aliandika, "Ulinde nyumba yako." Akatupeleka tukasikilize.

Upande wa kwanza akina mama waliokuja na maziwa kutoka kwenye malisho walisema yule mwanamume ana mikono mizuri, mke wake ana bahati. Upande wa pili mzee mmoja alisema anamfahamu, alimwona juzi karibu na kisima, na macho yake hayakuwa ya mtu mwema. Watu wakaanza kuulizana ni kisima kipi. Mwalimu alikwenda haraka, akazing'oa zote mbili. Mtu yule hakuwepo. Mwalimu alikuwa amemtoa kichwani mwake.

Tulipokuwa tunarudi alisema methali ambayo nimeisikia kwa wengi, lakini kwake ilikuwa na uzito mwingine: "Lisemwalo lipo, na kama haliko, liko njiani." Tulicheka. Yeye hakucheka, na alitembea akitazama nyuma.

Ilikuwa miaka ya watu kupotea. Vita vilipita huku na kule, barabara zilifungwa na kufunguliwa, na mtu aliyekwenda kuuza chumvi hakurudi. Familia zilisikia kwamba huko karakana kuna mtu anayeweza kuchapisha sura na kuitawanya masokoni, toka Mweso hadi Shasha kule ziwani, toka Masisi hadi Walikale msituni. Lakini nani alikuwa na fotografia? Karibu hakuna. Ndipo Mwalimu alipoanza kazi ya benchi.

Aliwaketisha ndugu wa aliyepotea kwenye benchi moja karibu na dirisha, akawauliza mmoja mmoja. Paji lake lilifanana na la nani? La mjomba huyu. Basi akalichora la mjomba. Pua? Ya dada. Masikio? Ya baba mdogo, lakini madogo kidogo. Hakuuliza alikuwa mtu wa namna gani wala alipenda nini. Alisogea kutoka uso hadi uso na penseli yake, akichukua kipande hapa na kipande pale, na wenyewe walikaa kimya kama wanaonyolewa. Akimaliza aliwageuzia karatasi. Sikumbuki benchi ambalo halikulia. Ilikuwa sura ya mtu asiyekuwepo, imetengenezwa kwa waliopo, na wote walisema, "Njo yeye," yaani ndiye hasa.

Wino ulipokwisha, na mizigo kutoka Goma haikuja, alichanganya masizi na mafuta ya mawese. Wino ule haukukauka vizuri kamwe. Watu walioshika matangazo sokoni walirudi nyumbani na jicho au shavu la mtu kwenye kidole gumba, wakapaka milango, wakapaka watoto. Mwalimu hakupenda. Alituambia tutundike juu, mahali mkono haufiki. Na jioni kabla ya kufunga karakana aligeuza nyuso zote zielekee ukuta. Asubuhi alizigeuza tena, akazisalimia, "Mumeamukaje?" Tulidhani ni mzaha wake.

Alikuwa na sheria moja ambayo alituambia kwa sauti ya chini. Kila tangazo la aliyepotea liwe na uongo mmoja. Alama moja ambayo mtu yule hakuwa nayo, na mchongaji peke yake aijue. "Akikuja muntu anasema, 'Nilimuona, iko na kofia,' na kofia tuliitia siye," alieleza, "basi aliona karatasi. Hakuona muntu." Na sheria hiyo ilifanya kazi. Mama mmoja wa wafugaji alimtafuta mume wake, na mashahidi kadhaa walikuja kuapa walimwona na kofia yake. Mmoja tu alikuja akasema, "Nilimuona, lakini hana kofia." Wakamfuata huyo mmoja, na mume akapatikana Sake, mgonjwa lakini hai.

Mtu huyu aliyetukataza uongo kwenye gazeti hata wa mvua, aliyetufanya tuandike upya habari ya harusi kwa sababu tulisema "watu wote walifurahi" na hatukuwauliza wote, alikuwa anatia uongo kwa makusudi katika kila uso aliouchonga. Nilimuuliza haoni aibu. Alisema uongo wake ni kama chumvi kidogo, unatiwa ili kitu kisioze. Jibu lilinitosha wakati ule.

Halafu Bauma hakurudi.

Alikuwa amekwenda Walikale na baisikeli, maharagwe nyuma, akitegemea kurudi na mawese. Tulimngoja mpaka majirani wakaacha kutuuliza. Siku moja mama alivaa kitambaa chake cha kanisani, akamchukua mjomba, wakaja karakana wakati niko kazini. Hakunisalimia kama binti yake. Alimwambia Mwalimu, "Papa, ninakuya kwa benchi."

Nakumbuka Mwalimu aligeukia rafu, akagusa kitu hiki na kile. Nilidhani anatafuta lino. Kisha akatuketisha. Paji la mjomba, macho ya mama. Alipofika kwangu alinitazama moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akachora mdomo wangu. Mama alizungumza bila kupumzika, akieleza Bauma anavyokula, anavyoimba vibaya, anavyomwita ng'ombe wa jirani kwa jina la mchungaji. Alicheka katikati. Penseli ya Mwalimu ilisimama kidogo, ikaendelea.

Mimi niliandika herufi: jina, kijiji, na kwamba mama yake anamngojea. Yeye alichonga uso peke yake, mlango umefungwa. Nakala ya kwanza ilipotoka niliuona ule uongo palepale, kovu jembamba juu ya jicho la kulia. Bauma hakuwa na kovu. Nilinyamaza, kama tulivyofundishwa.

Mtu mmoja alikuja mwanzo wa mavuno. Nilikuwa uani. Alikuja kwa njia ya chini, amekonda, ameshika karatasi yetu iliyokunjwa hata uso umepasuka vipande. Alisimama kwenye mlango wa ua, akasema, "Batu wa Shasha banasema hii ni miye."

Alikuwa ameugua msituni, alisema, na homa ilimchukulia mambo mengi. Jina lake halikumjia. Watu wa sokoni walimweka karibu na tangazo, wakatazama, wakamwambia aende kwao. Hakudai kitu. Alinyoosha karatasi tu kama mtu anayeuliza njia. Paji lilikuwa la mjomba. Macho yalikuwa ya mama. Alipojaribu kutabasamu, alitabasamu kwa mdomo wangu. Na juu ya jicho la kulia palikuwa na kovu jembamba, la zamani, lililokwisha kupona.

Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Alimshika uso, akapitisha kidole juu ya kovu lile, akasema, "Alianguka kwa muti ya avoka, angali mudogo." Mjomba akasema kweli, alianguka. Majirani walipojaa, mmoja alikumbuka hata damu ilivyotoka. Nilisimama pale nikitaka kusema, na hapo nikaanza kumwona Bauma mdogo akianguka kutoka kwenye mti, na mimi chini nikilia. Niliiona vizuri. Hata leo naiona, na najua haikutokea. Hakuna kitu kilichowahi kunitisha zaidi ya kumbukumbu hiyo.

Mama alimpeleka karakana kushukuru, na kuku na maziwa ya mgando. Mwalimu alikuwa anafuta rola ya kupakia wino. Aligeuka kwa desturi yake, akatazama kwenye kioo, akamwona yule mtu nyuma yake, na rola ikaanguka. Aliuliza neno moja tu, "Kovu ile, uliipata wapi?"

Mtu yule alijibu kwa upole, "Mama anasema nilianguka."

Mwalimu alikaa kwenye benchi la ndugu, mahali ambapo sikuwahi kumwona amekaa. Hakugusa kuku. Hakugusa maziwa. Tangu siku ile hakuchonga uso mwingine. Familia zilikuja, akazirudisha. Alitufundisha herufi tu mpaka muhula ukaisha, halafu akampa padri ufunguo, akaenda upande wa msitu. Watu walisema mengi. Wengine walisema amepata kazi, wengine walisema ameogopa. Safari hii wote walisema kweli.

Na mtu yule alikaa kwetu. Lazima niseme haki yake: alikuwa mwema. Alilima kuliko Bauma, maana Bauma alipenda safari kuliko jembe. Mama alinenepa. Usoni pake palirudi kicheko nilichodhani kimezikwa na baba. Mimi nilimpakulia chakula, nikamjibu aliposema na mimi, lakini kumwita kwa jina sikuweza. Nilimwita "weye," nilimwita "kaka" kwa ncha ya midomo tu. Mama aliona. Hakuniuliza.

Miaka ilipita hivyo, mpaka akapata mchumba, binti wa watu wema wa mlima wa pili. Ndoa ingetangazwa kanisani kwa jina la Bauma, na padri angeuliza kama yupo anayejua kizuizi aseme. Na mama, kwa furaha yake, akaniambia, "Wewe njo utaandika tangazo ya mulango wa kanisa. Uandike na herufi zako za muzuri."

Sasa nilikuwa nimebanwa. Nikisema, mama angempoteza mtoto kwa mara ya pili, na safari hii mimi ndiye ningekuwa nimemnyang'anya. Nisiposema, kaka yangu, yule aliyenitoa shambani, angebaki mahali fulani bila mtu wa kumlilia, na jina lake lingevaliwa na mwingine madhabahuni. Sikulala vizuri. Nilimwambia mama nakwenda Walikale kutafuta wino, nikapanda lori la watu wa mawese, nikamtafuta Mwalimu.

Nilimkuta kwenye kijiji cha Kibua, upande wa Walikale. Alikuwa anaandika jina la duka kwenye ubao, mbele ya nyumba ya udongo. Alikuwa amezeeka kwa namna ya ajabu, upande mmoja zaidi ya mwingine, na jicho la kushoto lilikuwa jeupe. Hapakuwa na kioo popote. Alinitazama usoni, akanipa mkono, na kwa mara ya kwanza nikashika kiganja chake. Kilikuwa cha baridi na laini, kama cha mtu mwingine.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza.

"Iko muzima. Anacheka."

"Na ule mwingine?"

"Anataka kuoa."

Aliweka brashi kwenye kopo. Akaanza kusema akitazama ubao, si mimi. Jioni ya kuamkia siku mama alipokuja kwenye benchi, katekista wa Kibua alikuwa amefika karakana kuchukua karatasi za nyimbo. Alileta kipande cha mpira, kile cha kuzuia tope nyuma ya baisikeli, chenye jina juu yake, akitaka kujua mwenye jina ni wa wapi. Kijana wa Masisi alikuwa amefika kwake na homa kali, akafia mikononi mwake bila kusema kwao ni wapi. Mwalimu hakuhitaji kusoma. Herufi zilikuwa zake; alikuwa amemwandikia Bauma mwenyewe.

"Nilikuwa nangoja nikuambie asubuhi," alisema. "Lakini mama yako alifika mbele. Alikaa pale, akaanza kusema namna anaimba. Alicheka, uliona? Nilishindwa."

Nilimuuliza kwa nini basi alichonga. Sauti yangu haikuwa ya mwanafunzi.

"Ju ya kumupa siku za kungoja. Muntu anaweza kuishi na kungoja. Na nikatia kovu, ili asipatikane muntu hata mumoja anafanana na karatasi ile. Nilichonga sura ya muntu mwenye hayuko, dada. Nilijua hayuko." Alizungusha brashi ndani ya kopo. "Halafu akakuya na miguu yake."

Kando yetu mtoto wa jirani alikuwa anafukuza kuku kwenye mhogo ulioanikwa. Mwalimu aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Anakula?"

"Anakula."

"Anagonjwa siku zingine? Anachoka?"

"Anachoka kama sisi wote. Anakoroma."

Alishusha pumzi ndefu. Nikaelewa kwamba miaka yote ile alikuwa hajui amefanya nini, na kwamba hata mimi sijui. Huenda alikuwa kijana wa watu fulani, amepotezwa na homa, na mahali fulani mama mwingine angali anangoja. Huenda. Hilo ndilo ninalojiambia mchana.

Alinipeleka kaburini. Lilikuwa nyuma ya kanisa dogo la majani, limepaliliwa vizuri; nilijua ni nani aliyepalilia. Kichwani palikuwa na ubao wa mbao ngumu, umepigwa rangi nyeupe, hauna neno. Mwalimu aliyeandika kila duka la Kibua hakuweza kuandika ubao ule. Alisema kila akiinua brashi anamwona yule mwingine njiani anasimama, anashika kichwa, kana kwamba jina linamtoka. Akanitolea kopo na brashi. "Wewe njo dada yake," alisema. "Uandike, ao uache. Miye sitasema kitu."

Nililia pale, kwa sauti, kilio cha msiba ambacho nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa amekilia. Nilimwambia Bauma kwamba maharagwe hayakukimbia. Nilimwomba anisamehe kwa lile ninalokwenda kufanya, ingawa sikuwa nimelijua bado. Kisha nikajifuta, nikapiga magoti, nikaandika jina lake. Mwalimu alisimama nyuma yangu. Nilipofika katikati alisema taratibu, "A na U zinasongana. Uzifungulie kidogo." Nikazifungulia.

Hatukuagana kwa maneno mengi. Alikufa kabla ya mvua kubwa za mwaka ule, nilivyosikia baadaye, na waliomzika hawakujua waandike nini.

Nilifika nyumbani mchana. Mama na yule mtu walikuwa uani wanapukuchua maharagwe, wanabishana juu ya ng'ombe wa mahari. Mama aliniona kwanza. Alinitazama macho yangu, ambayo yalikuwa bado yamevimba kwa kilio, akashusha mikono yake juu ya maganda na kungoja. Hakuuliza kama nimepata wino.

Nilikuwa nimebeba kifurushi cha ndizi kutoka Kibua, na kilikuwa kizito.

"Bauma," nilisema, "ukuye unisaidie kushusha muzigo."

Akaitika, akaja.